Leta Haina Taarifa

Mimi Ogwang nimefundisha historia hapa Mengo miaka kumi na sita, na bado naona haya nikishika kalamu nyekundu. Sababu ni Benedicte.

Kila mwaka wanafunzi wetu hushindana kuigiza Umoja wa Mataifa. Kila mmoja hupewa nchi, huchimba habari za serikali yake na sera zake, kisha siku yenyewe huisemea kwa Kiingereza mbele ya majaji. Mwaka huo wengine waliokota vikaratasi vya majina ya nchi kwenye kopo. Benedicte nilimpa Kongo mkononi, nikajiona mtu mwema. Si ndiko alikotoka akiwa na miaka saba? Anaishi Kansanga na mama yake, Pélagie, muuza vitenge.

Baada ya wiki mbili akaniletea daftari. Mbele palikuwa na Kiingereza safi: bunge, mawaziri, majimbo. Nyuma alikuwa ameandika maneno ya mama yake kama yalivyotamkwa: "Leta ilikuya mara mbili. Mara ya kwanza ilibeba mbuzi. Mara ya pili ilibeba baba."

Mimi nimekulia kambi ya polisi, Naguru, na Kiswahili changu ni cha amri. Leta kitambulisho. Leta mikono. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Leta nini? Sentensi haijakamilika."

Benedicte alisoma, akaniangalia. "Mwalimu, Leta ni serikali. Kwetu tunaiita hivyo, imetoka kwa Kifaransa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikavua miwani. Serikali inayoitwa Leta! Yeye alisubiri nimalize.

"Na hao waliomchukua baba yako, una hakika walikuwa serikali?"

"Walikuwa na sare. Walisema wao ni Leta. Mama alienda kumuulizia ofisi tatu."

"Hiyo si sera, binti. Mjumbe hasemi 'baba yangu', husema 'nchi yangu', na kazi yake ni kuitetea. Ukileta habari za nyumbani, majaji watakukata alama."

"Nataka jina lake lisikike mara moja tu, Mwalimu. Kwenye maikrofoni. Zéphyrin. Nimeshamwahidi mama."

Nikamwambia akishindwa kufuata kanuni nitampa mwenzake Akullo nchi hiyo. Nilisema hivyo kwa sauti ileile ya marehemu baba yangu alipokuwa zamu. Benedicte akachana zile kurasa za nyuma mbele yangu, taratibu, akazikunja na kuzitia mfukoni.

Siku ya mashindano Pélagie alikuja amevaa kitenge kipya, akaketi safu ya mbele. Hajui Kiingereza. Alikuwa ameinamisha kichwa akitega sikio, akingoja neno moja tu ambalo angelitambua.

Akullo, aliyekuwa mjumbe wa Norwe, ndiye aliyeuliza: nchi ya mjumbe inasemaje kuhusu watu wanaochukuliwa na wasirudi? Nilimwona Benedicte akigusa mfuko wake. Kisha akavuta maikrofoni, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba serikali yake inaheshimu haki za raia wote, wala haina taarifa yoyote ya mtu wa namna hiyo. Ukumbi mzima ukampigia makofi, nami pia nikapiga. Tukapewa kombe.

Nje, Pélagie alinishika mkono wa shati. "Mwalimu, mutoto yangu amesema nini? Sikusikia jina."

Nilitafuta uongo wa kumpa, nikamgeukia binti yake.

Benedicte ndiye aliyemjibu. "Nilisema Leta haina taarifa, mama. Haimujui huyo mutu."

Pélagie hakulia wala hakugomba. Alimtengeneza binti yake ukosi wa sare ya shule.

"Umeisema muzuri," alisema. "Ni vile vile walinijibu mimi, ofisi zote tatu."