Hatua Mbili Nje ya Picha

Juzi, nikipanga kabati, kiliniangukia kikopo cheusi cha filamu, kimoja cha vile vya zamani vyenye kifuniko cha kijivu. Nilikifungua nikanusa. Harufu kali ya dawa bado imo, nayo ikanirudisha kwenye mlima wa Homa, nikiwa na miaka tisa, siku niliyomdanganya nyanya yangu, Dani.

Ouko, kitinda mimba wake, alikuwa na studio ya picha Migori. Watu aliwapiga za rangi, lakini milima aliitaka nyeusi na nyeupe, akijiona msanii. Alipokuja kwetu karibu na Kosele kutafuta wa kumbebea mizigo, Dani alikubali twende naye kwa sharti moja: yeye mwenyewe apigwe picha kule juu. Hakuwa na picha hata moja, na kwetu jeneza lisilo na picha juu yake ni aibu. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Basi akapanda na magoti yake mabovu, gauni la kanisani mwilini, mtungi wa maji kichwani. Mimi nilibeba chakula cha njiani, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ouko alipiga kila jabali, kila wingu. Dani alipojisogeza mbele aliambiwa, "Mama, toka hapo kidogo, unaniharibia mlima." Akasogea hatua mbili kulia, akangoja zamu yake huku akipangusa viatu.

Filamu ikaisha. Ouko akaitoa, akaitia mfukoni, akanipa kikopo chake kitupu na kujiwekea kidole mdomoni, ishara kwamba nisiseme. Kisha akamwambia mama yake asimame wima, akabofya kamera tupu mara tatu. Nilicheka hadi nikapaliwa. Dani naye akacheka, akidhani tunafurahi pamoja.

Tukiteremka aliniuliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, kweli amenipiga?"

"Ndiyo, Dani. Tena umetoka vizuri."

Kila siku ya soko aliwauliza waliotoka Migori kama wamepewa bahasha yake. Alikufa akiuliza. Ouko alileta matangani picha kubwa ya mlima ndani ya fremu, akaiweka juu ya jeneza, na watu wakaisifu.

Sasa iko sebuleni kwangu, na wageni bado wanaisifu. Kwa miaka mingi nilijiambia ukatili ule ulikuwa wa Ouko. Lakini Dani hakumwuliza Ouko. Aliniuliza mimi, kwa sababu aliniamini, nami nilikuwa nimeshika kikopo. Nikiitazama picha ile, najua alisimama wapi: hatua mbili kulia, viatu vimepanguswa, akingoja.