Mfagiaji Aliyejua Kitakachotoka

Na itangazwe kwa watu wote, wa Likoni na wa ng'ambo ya kivuko, wenye digrii na waliozikimbia, kwamba mwezi wa Juni mwaka 1991, katika shule moja ya sekondari yenye paa la mabati, elimu ya kemia ilimshukia Bi Mwanatabu Boga, mama wa watoto wanne, naye akiwa ameshika ufagio.

Ufagio ndio uliokuwa cheo chake. Barua ya ajira ilisema "mfagiaji", lakini kwa miaka saba yeye ndiye aliyeosha chupa za maabara, akapima chumvi, akavunja betri kuukuu za tochi ili kutoa vile vijiti vyeusi vya kaboni vinavyotumbukizwa majini kupitishia umeme. Fundi wa maabara alikuwa amepata kazi kwenye mitambo ya umeme ya Kipevu, akaenda zake bila hata kurudisha ufunguo. Bi Mwanatabu aliitaka nafasi ile. Hakuitaka kwa makeke. Aliitaka kama mtu anavyotaka kiti akiwa amesimama tangu alfajiri.

Kikwazo kilikuwa cheti. Yeye aliishia darasa la saba. Lakini masikio hayaulizwi cheti. Kila mwaka, akifuta meza za nyuma, alisikiliza masomo yale yale, na kwa kuwa hapakuwa na mtihani wa kumtisha, aliyaelewa.

"Hebu niambie," Mwalimu Mueni, aliyefundisha kemia, alimwuliza siku moja, "ukipitisha umeme kwenye maji yenye chumvi fulani, wajuaje kitakachotoka?"

"Si kama mlango tu, mwalimu? Mle ndani mna wa chumvi na mna wa maji, wanagombea kutoka. Upande wa hasi, sodiamu na magnesiamu wanajivuna, hawabanduki majini, kwa hiyo atatoka haidrojeni wa maji. Shaba hana makuu. Huyo atamtangulia haidrojeni, aje agande kwenye kijiti. Sasa upande wa chanya, salfeti ni mkwe: yupo, lakini hajongei. Basi maji yatatoa oksijeni. Ila wakiwapo kloridi, wale wa chumvi ya kupikia, na wawe wengi, watapita wao, na kitakachotoka ni klorini."

"Ningekuwa na wanafunzi wawili kama wewe," Mueni akasema, "ningekuwa nalala mchana."

Akampigia debe kwa mwalimu mkuu, Bwana Mwarandu. Naye Mwarandu, kwa kuogopa kusema ndiyo na kuona haya kusema la, akaandika barua ofisi ya elimu aletwe mkaguzi amjaribu.

Mkaguzi alifika Jumanne ndani ya suti ya sufu, joto likimkamua kama tui. Mfereji wa shule ulikuwa mkavu wiki ya pili, na yale maji ya betri, yasiyo na chumvi, yanayonunuliwa dukani kwa kazi ya maabara yalikuwa yamekwisha. Mueni akachota ya kisimani, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa, yakatakata. Hakuona kasoro. Mtu akishakaa Likoni miaka miwili, ulimi wake husahau kwamba maji ya kisima yana chumvi. Mgeni huitema chai, mwenyeji huomba kikombe cha pili. Hata mkaguzi alipokunja uso kwenye chai ya ofisini, Mwarandu alimsogezea sukari.

"Haya, Mama," mkaguzi akaanza, Mueni na Mwarandu wakiwa wamesimama kando. "Humu nimeyeyusha salfeti ya magnesiamu. Kidogo tu. Upande wa hasi kitatoka nini?"

"Haidrojeni."

"Vyema. Na wa chanya?"

Bi Mwanatabu akaitazama bilauri. "Maji haya ya wapi?"

"Maji ni maji, Mama."

"Ya kisima," Mueni akasema. "Lakini nimeyachemsha."

"Kuchemsha kwaua vijidudu, mwalimu. Chumvi yabaki mumo humo majini."

Jibu la kitabuni alilijua. Neno moja tu, oksijeni, na kiti ni chake. Lakini angekaaje kwenye kiti cha maabara kwa kusema kitakachotoka sicho?

"Klorini, bwana," akasema. "Oksijeni labda, kwa mbali."

Mkaguzi akachora msalaba wa kosa daftarini kwa raha ya mtu aliyepata sababu ya kuwahi kivuko. "Kitabu kinasema oksijeni."

"Kitabu hakikuchota hapa."

Mwarandu akafumba macho. Umeme ukawashwa. Mapovu yakapanda kwenye vijiti vyote viwili, na mkaguzi, ili amalize kesi, akainamia upande wa chanya, akavuta pumzi ya kitaalamu. Akakohoa. Akakohoa tena, machozi yakamtoka, na chumba kizima kikanuka jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mueni akasogeza karatasi ya litmasi ya buluu iliyoloweshwa. Ikawa nyekundu, halafu ikapauka ikawa nyeupe kama sanda, alama ya klorini.

"Maji yenu haya," mkaguzi akasema alipopata sauti, "mnayanywa?"

"Umeyanywa nawe, bwana," Bi Mwanatabu akajibu. "Kwenye chai."

Ule msalaba akaufuta kwa mistari mingi kuliko iliyohitajika.

Barua ilifika wiki ya tatu. Bwana Mwarandu akawakusanya walimu wote, akafunga vifungo vya koti, akaisoma mara mbili kwa sauti ya hotuba ya Madaraka. Akasema kwamba sayansi imepata binti yake pwani ya kusini, kwamba kizazi kijacho kitauliza habari za siku hii, na kwamba kuanzia tarehe mosi Bi Mwanatabu Boga ndiye fundi wa maabara. Makofi yakapigwa. Mueni akapiga kigelegele.

"Bi Mwanatabu," Mwarandu akamalizia, mkono kifuani, "historia inakusikiliza."

"Nashukuru," akasema. "Na mfagiaji mpya aanza lini?"