Ukingo wa Nyumba ya Mama Mapacha

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Mkewe mwenyewe hulikumbuka akikasirika tu. Mtaa mzima humwita Timazi, kwa ile kamba yenye uzito wa risasi nchani ambayo waashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama sawasawa. Na jina limemkaa. Mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba, akapewa kiti, akaketi, na kabla hajatoa pole akasema fremu ya mlango imelalia kushoto, wewe ungemwitaje?

Lakini msimcheke sana. Ujanani alikuwa fundi wa bora liende. Alijenga kwa kukadiria kwa jicho, na jicho lenyewe mara nyingi lilikuwa limelewa. Ukuta wake mmoja ulianguka mchana kweupe, na ni bahati tu kwamba aliyekuwa ameketi chini yake alikuwa ameitwa kula dakika ile ile. Tangu siku hiyo akawa mtu wa hofu. Pombe aliiacha, usingizi nao ukamwacha. Alitafuta kitu cha kushika, akakipata kwenye kusanyiko dogo la watu wanaoamini kwamba Yeshua ndiye Masihi, na kwamba Masihi hakuja kuifuta Torati. Wanashika Sabato, nguruwe hawamgusi, na wanaume huvaa vishada kwenye ncha nne za vazi, ili kila wakiviona wazikumbuke amri. Wengine wakisikia amri zenyewe ni mia sita na ushei, huishiwa nguvu. Timazi alifurahi! Hatimaye maisha yamepata kamba ya kupimia.

Shida ni kwamba hakuishia kujipimia yeye.

Mkwe wake, mume wa bintiye, ni fundi bomba, kijana mpole ambaye ukimkanyaga mguu anaomba radhi yeye. Sabato moja asubuhi bomba la bibi mmoja jirani lilipasuka, maji yakaingia hadi uvunguni mwa kitanda, na bibi mwenyewe mgonjwa yuko juu yake hawezi kushuka. Kijana akachukua spana akaenda kuziba. Basi! Sabato iliyofuata Timazi alisimama mbele ya watu wote, akauliza kama amri ya Sabato ina tundu la kupitishia spana. Mwalimu wa kusanyiko, mzee ambaye siku za kazi hutengeneza saa, alijaribu kumtuliza. Akamkumbusha kwamba Masihi mwenyewe aliponya wagonjwa siku ya Sabato, akauliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia shimoni siku hiyo hatamtoa.

"Bomba si ng'ombe," akasema Timazi.

Kelele zikawa nyingi. Ili amani irudi, kijana mwenyewe akajitolea kuacha kusoma Torati mbele ya watu kwa miezi mitatu, akaenda kukaa viti vya nyuma. Binti hakumsalimia baba yake wiki mbili, na alipoanza tena ilikuwa salamu ya shingo upande.

Haya, sasa tuje kwa Mama Mapacha. Huyu ni muuguzi, mjane, mwenye mabinti wawili wa miaka mitano waliofanana kama punje za mchele. Nyumba yake aliijenga chumba baada ya chumba kwa miaka saba, na juu akamwaga paa bapa la zege, lenye ngazi ya kupandia upande wa nje. Si mtu wa kusanyiko. Paa lilipokauka alitaka kuhamia siku hiyo hiyo, lakini Timazi akagoma. Alitaka kwanza ajenge ukingo pembeni mwa paa.

"Ukingo wa nini, fundi? Nitajenga baadaye, Mungu akipenda."

"Mungu ameshapenda, mama, na kaandikisha." Akamweleza kwamba Torati inamwagiza mwenye nyumba mpya ajenge ukuta pembeni mwa paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. "Mimi siachi paa la kukanyagwa na watu likiwa wazi. Kama hutaki, tafuta fundi mwingine."

Mama Mapacha akacheka. "Kwa hiyo Torati yako inawajua mpaka mapacha wangu?"

"Inawajua."

Wakakubaliana kwamba atahamia Ijumaa, na Ijumaa hiyo ukingo utakuwa umekwisha.

Ijumaa ilikuwa vurugu tupu. Gari la mizigo lilifika mapema, watu wanapandisha na kushusha vitanda, Timazi yuko juu peke yake na karai lake. Pande tatu alizimaliza vizuri. Upande wa nne, ule unaotazama kichochoro, saruji ikamwishia zikiwa zimebaki safu tatu za matofali, na jua nalo limekwisha kuinamia mapaa ya watu. Akayapanga matofali makavu, moja juu ya jingine bila udongo wa saruji, arudi Jumapili kuyajenga. Hapo hakuwa na kosa, mafundi hufanya hivyo ili wauone mstari. Lakini akachungulia upande wa nje, akaona mianya, akawafikiria watu wa kusanyiko watakaopita pale kesho asubuhi. Watasema nini? Akakomba udongo uliobaki kwenye karai, akaupaka kwenye mianya ya nje tu, kidogo kidogo, kama siagi kwenye mkate wa mtoto wa kambo. Ukiutazama ukuta, umekwisha.

"Fundi!" Mama Mapacha akaita kutoka chini, godoro kichwani. "Huko juu tayari?"

Kumweleza kungechukua muda. Angeuliza, angejibiwa, angeuliza tena, ingetafutwa kamba ya kuzuia watu. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

"Tayari, mama!" akajibu, akashuka ngazi mbiombio.

Alifika nyumbani mkewe ameshika kiberiti mbele ya mishumaa ya Sabato. Amewahi. Simu ikazimwa, ikatiwa kwenye kopo la sukari kama kila Ijumaa, na Timazi akaketi mezani akiwa hajavunja Sabato hata kwa dakika moja.

Akaumega mkate, akaurudisha sahanini.

"Una nini, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Uchovu tu."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na jioni ilikuwa bado changa. Alijituliza kwa hesabu za mtu mwenye hofu: siku ya kuhamia watu huchoka, nani atapanda juu? Vyombo bado vimo kwenye maboksi. Kesho pia watakuwa wanapanga. Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu, alimsikia Mama Mapacha akiuliza kama huko juu tayari, akaanza upya.

Kusanyiko hukutana kwenye darasa la chekechea, si mbali na nyumba ile. Watu wazima hukaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, na hakuna anayecheka maana wameshazoea. Walikuwa hawajaanza mkewe alipomwinamia.

"Mama Mapacha kanialika tukitoka hapa. Dada zake wamekuja kuona nyumba. Anasema watapanda juu wapunge upepo, mapacha tangu jana wanamsumbua watapanda lini."

Timazi akamgeukia. "Saa ngapi?"

"Nitajuaje? Wakichoka kupanga vyombo."

Kwa nini hakuinuka papo hapo? Yeye mwenyewe hujiuliza mpaka leo. Kutembea si kazi, kusema si kazi. Angekwenda tu akasema. Lakini akasema nini? Kwamba jana alidanganya. Na Mama Mapacha akimwambia, haya, yatoe basi hayo matofali, atayabeba siku ya Sabato, mtaa mzima ukimtazama? Yeye? Na mkwe wake yuko kiti cha nyuma, anamalizia mwezi wa tatu wa adhabu yake! Mkuki kwa nguruwe mtamu jamani. Jasho likamtoka hadi shati likamganda mgongoni, na bado akakaa.

Mwalimu alikuwa amefika mlimani Sinai. "Tazameni kipi kilitangulia," alisema, akiinua kidole chenye makovu ya bisibisi. "Alikuwa ameshawatoa utumwani kabla hajawapa hizi amri za jiwe. Hakusema tiini kwanza, ndipo nitawatoa. Agano lake na baba zao lilitangulia. Amri walipewa watu ambao tayari ni wake, ili wajue namna ya kukaa naye na kukaa na jirani. Na Masihi alipokuja hakuzipangusa. Alizitoa kwenye jiwe akazitia moyoni, kama manabii walivyoahidi. Kwa hiyo ndugu zangu, ukishika amri kwa kuogopa kufukuzwa nyumbani, hujajua kwamba ulishaingia ndani zamani."

Maneno haya Timazi aliyasikia mara mia. Yeye mwenyewe alishayafundisha. Siku hiyo, mwalimu aliposema jirani, aliwaona mapacha wawili wanapanda ngazi.

Akainuka, na kile kiti cha mtoto kikainuka naye kimembana makalio. Watu wakageuka. Akakivua kama mtu anayevua kiatu kilichombana, akakiacha sakafuni, akatoka anakimbia. Mkwe wake alimwona uso alipompita, naye akainuka akamfuata.

Alikimbia na nguo zake nyeupe za Sabato, vishada vikimpigapiga mapajani. Kwenye kichochoro akainua macho. Vicheko vya watu vilikuwa vinasikika kutoka juu ya paa. Hajui alipandaje ngazi zile.

Juu palikuwa na mkeka katikati, Mama Mapacha na dada zake wawili wameketi wanakunywa chai. Pacha mmoja alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Wa pili alikuwa upande wa nne. Ameegemeza mgongo kwenye matofali, kisigino kimekaza chini, mkono juu ya kichwa, anajipima urefu na ukuta.

Mwashi anajua kwamba ukimpigia mtu kelele akiwa juu, anashtuka. Timazi alichuchumaa, akashika kishada cha ncha ya vazi lake akakitikisa.

"Mjukuu wangu, njoo uone. Hizi kamba zangu ni ngapi?"

Mtoto akatazama. "Mbili."

"Si mbili. Njoo uhesabu vizuri."

Mtoto akajisukuma kwa mgongo kutoka ukutani, akaja hatua moja, hatua mbili, na Timazi akaudaka mkono wake. Nyuma yake tofali la juu likayumba, likainama upande wa nje taratibu, likaenda. Kwa muda hakukuwa na sauti. Kisha likasikika chini, kichochoroni, likipasuka.

Mama Mapacha aliinuka, akamchukua mwanawe, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

"Fundi," akasema. "Jana uliniambia tayari."

"Nilikudanganya, mama. Upande huu hauna udongo ndani, nimepaka nje tu. Niliona jua linazama, nikakudanganya."

"Mungu wako ndiye aliyetaka uwahi nyumbani kiasi hicho?"

"Si yeye. Ni mimi."

Mama Mapacha aliwashusha watoto na dada zake. Timazi akakunja mikono ya shati jeupe, akaanza kuyashusha matofali moja moja na kuyalaza katikati ya paa, asibaki mtu wa kuponzwa na ukuta ule hata kesho. La tatu lilipokelewa. Mkwe wake alikuwa ameshavua koti, amenyoosha mikono.

Kule chini watu wa kusanyiko walikuwa wameanza kufika, wamefuata kelele za mtaa. "Timazi!" mmoja akaita. "Leo Sabato!" Mwalimu akamshika bega huyo mtu. "Rudi nyuma, litakuangukia," akasema, kisha akaenda kusimama mdomoni mwa kichochoro, akitanua mikono kuwazuia wapita njia, na hakutoka hapo hadi tofali la mwisho likashuka.

Walipomaliza, vidole vya Timazi vilikuwa vimechubuka na vazi limekuwa rangi ya saruji. Mkwe akajifuta vumbi.

"Baba," akasema, na kwa sauti yake hukuweza kujua kama ni utani, "mimi nilikaa nyuma miezi mitatu. Hii tuihesabu mingapi?"

Timazi akakaa juu ya lile rundo la matofali. Akalia waziwazi mbele ya kijana aliyemwoa binti yake.

"Lilikuwa ng'ombe," akasema. "Lile bomba lilikuwa ng'ombe, mwanangu. Nisamehe."

Kijana akaketi kando yake. Sabato iliyofuata ndiye aliyesoma Torati, na Timazi alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti kifupi kuliko vyote.

Lakini kabla ya hapo ilikuwa Jumapili. Alfajiri alikuwa juu ya paa na saruji mpya, na Mama Mapacha, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo tu, alisimama karibu yake kutwa. Kila tofali lilipowekwa, alilisukuma kwa viganja vyake viwili, kwa uzito wa mwili wake wote. Timazi alingoja, mwiko mkononi, wala hakushika jingine mpaka mama mwenyewe aseme, "Tayari."