Siku Nilipompa Mama Mkwe Ugonjwa wa Mzee

Aibu hii ningeifukia kabisa, ila mke wangu huisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Nilikuwa mpima damu kwenye zahanati ya mtu binafsi pale Somanda, miaka ile baada ya serikali kutoa ruksa ya zahanati binafsi, kila mwenye vyumba viwili anafungua zahanati, na bosi wetu, ili awapite wenzake, akaleta kutoka Mwanza kimashine cha kupima moyo kwa damu. Moyo ukielemewa humwaga kitu fulani kwenye damu, na unavyozidi kuelemewa ndivyo kinavyopanda. Nilijisifia kimashine hicho hadi ukweni, Lalago.

Ndipo wakamleta baba mkwe, Mzee Masunga. Kifua kilimsumbua miaka mingi, na sasa miguu imevimba, tumbo limejaa maji. Shemeji yangu Jilala alishaamua mzee karogwa, na mganga anawasubiri Lingeka. Walipitia kwangu kwa sababu tu mke wangu alilia. Mama mkwe naye akataka apimwe, eti palizi ya pamba inamchosha (alininyooshea mkono uso ukiwa ukutani, maana kwetu mama mkwe hatazamwi, nami nikamchoma sindano kwa adabu na woga).

Utaratibu ni kuandika jina kwenye kichupa papo hapo. Nikajiambia, wakwe zangu hawa, nitawachanganyaje? Nikatia kimoja mfuko wa kulia wa koti, kingine wa kushoto, nesi akaniita tumbebe mgonjwa mwingine, nikavua koti, nilipolichukua vichupa vikadondoka, nikaviokota na kukisia tu kipi ni cha nani.

Majibu yakatoka: mama juu sana, mzee safi. Nikaenda barazani, wagonjwa wamejaa, nikatangaza kisomi, "Moyo wa mzee ni mzima. Mwenye moyo mbovu ni mama!"

Mama mkwe akalazwa kwenye benchi, binti zake wakaangua kilio. Jilala akasimama. "Mmesikia? Moyo mzima! Sasa kavimbishwa na nini kama si watu? Twende Lingeka." Akamshika mzee kwapani.

Kelele zikamtoa daktari wetu, mzee mstaafu. Akambonyeza baba mkwe mguuni, kidole kikaacha shimo. Akautazama mshipa wa shingo ulivyotutumka.

"Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu mapafuni, umechoka," akasema. "Kifua hiki kimeuchosha. Nani kasema ni mzima?"

Wote wakanigeukia.

"Vichupa uliandika majina?" daktari akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini Jilala alishaanza tena kumvuta mzee kuelekea mlangoni.

"Sikuandika," nikasema.

Baraza zima likacheka. Mama mkwe akainuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. "Kumbe siumwi? Na vitenge vyangu nimeshawagawia mabinti!"

Nikatoa damu upya, Jilala kanisimamia, akisoma kila herufi niliyoandika. Safari hii kipimo cha mzee ndicho kilichopanda. Akapewa vidonge vya kukojoa, chumvi marufuku, na barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza. Miguu ikanywea, akavuna pamba misimu miwili tena.

Tangu hapo simgusi mtu kwa sindano kabla sijaandika jina, hata awe mke wangu, naye nikimuuliza jina hunitajia lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti, foleni nzima isikie.