Polishi Nyeusi

Nyumba yetu ya zamani ya Eastlands siku hizi ni mkahawa, na pale palipokuwa na kitanda cha wazazi wamepanga vinyago vya kuuza. Leo nimeinua twiga mmoja, na harufu ya polishi ya viatu ikanijaa puani.

Baba alichonga humu humu. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa, kisha kupaka polishi nyeusi hadi jakaranda, mti mweupe wa bei rahisi, ung'ae. Nilidhani ni urembo tu.

Siku moja akaja mama wa kanisani kwetu, akitafuta zawadi ya kumpelekea bosi wake. Akamgeuzageuza twiga niliyempaka asubuhi hiyo, akauliza, "Huu ni mpingo kweli?"

"Muulize mtoto," baba akasema, akiniwekea mkono begani. "Mtoto hadanganyi."

Mkono ukanibana kidogo. Nikaficha vidole vyangu vyeusi nyuma ya sketi.

"Ndiyo, anti. Ni mpingo."

Mama yule akaniamini, akaondoka na twiga wake. Baba akanipapasa kichwa, akacheka.

Ni mkono huo huo ulionichapa jana yake, kwa kudanganya kuwa si mimi niliyelamba sukari.