Video Iliyomponyoka Mama Nicole

Mimi tangu mwanzo sikuipenda ile simu. Nicole aliileta kutoka Goma, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, akaketi na mama yake siku nzima akimfundisha kugusa na kutelezesha kidole. Mama Nicole anauza fromage, jibini ya huku kwetu, kando ya barabara hapa Mushaki, na meza yake imegusana na yangu ya viazi vya kuchemsha, kwa hiyo mafunzo yote niliyasikia, nitake nisitake. Kusoma anajua kidogo tu. Nicole akamwekea michoro kando ya majina: yeye mwenyewe ua, mchungaji wa kanisa msalaba, wateja kila mmoja na chake. Byamungu, mdogo wake Nicole, alipewa kuku, maana utotoni alikuwa akinyimwa paja analia mpaka majirani tunatoka nje.

"Mama, mimi njo niko wa kwanza kule juu," Nicole alimwambia. "Ukitaka kunitumia kitu, finya wa kwanza tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuletea balaa.

Byamungu alikuwa Walikale, analima msituni kwa watu waliokubali kumpokea. Aliondoka kabla ya hawa wenye bunduki wa sasa kuishika barabara yetu. Walipofika walitangaza kwamba kila nyumba yenye kijana imtoe akawabebee mizigo milimani, na anayemficha kijana, baba atachukuliwa badala yake. Mzee mmoja wa kule juu ya kanisa alichukuliwa hivyo, na mpaka leo mkewe anauliza kila mpita njia. Mama Nicole aliapa mbele yao kwamba Mungu alimpa mabinti tu. Angefanyaje? Mumewe, Papa Raphaël, ana ugonjwa wa kifua, akipanda kilima mikono mitupu bado husimama njiani kukohoa. Majirani tuliusikia uongo ule, tukafunga midomo.

Mkubwa wa kukusanya vijana alikuwa Jean-Bosco, mgeni kwetu, mtu mwenye sauti ya upole inayokufanya uogope zaidi. Alipenda fromage kuliko alivyopenda watu. Alimwachia Mama Nicole namba yake ili amwite ikiwa tayari, naye akaingizwa kwenye simu kwa mchoro wa pikipiki.

Asubuhi moja video ikaingia. Mama Nicole alinivuta mkono kwa nguvu mpaka viazi vyangu vikamwagika. Byamungu amesimama mbele ya nyumba ya mbao, mihogo imeanikwa nyuma yake, amenenepa, anacheka. "Mama, aksanti kwa kuniombea. Niko muzima. Usiogope." Tuliitazama tena na tena. Mama Nicole alikibusu kioo cha simu, na mimi nisiyeipenda simu ile machozi yalinitoka. Kisha akataka Nicole naye aone. Akafinya mshale wa kutuma, akafinya wa kwanza kule juu.

Kumbe ukitaka kutuma, wa kwanza siye Nicole. Wa kwanza ni statut, mahali ambapo ukiweka kitu, watu waliomo kwenye simu yako wanakiona wote.

Nicole alipiga simu jua likiwa limeshapanda, analia na kufoka kwa pamoja. "Mama, umemuweka mudogo wangu mbele ya watu yote! Toa! Toa sasa hivi!"

Akatuelekeza kidole kwa kidole. Kabla ya kuifuta tuliona pale chini waliokwisha kutazama. Ua lilikuwepo. Msalaba ulikuwepo. Na pikipiki.

 Mama Nicole aliifuta video, kisha kwa amri ya Nicole akafuta mazungumzo yote ya kuku, hata sauti za zamani alizokuwa akizisikiliza kabla ya kulala. Nicole akasema amejaribu kumpigia Byamungu hapatikani, kisha simu ikakatika.

"Labda alipita tu bila kuangalia," nikasema. Nilijua ninasema upuuzi.

Nikamwambia afunge meza, apande kwa mumewe, waondoke wote wawili. Akaniangalia kwa hasira. "Tukikimbia, si njo tumekubali? Na Raphaël atakimbia na kifua gani?" Akaendelea kupanga fromage zake.

Pikipiki ilikuja mchana. Jean-Bosco aliketi kwenye benchi letu, akajichagulia fromage, akatoa kisu chake akaanza kukata.

"Mama Nicole, leo niliona kijana muzuri kwa simu yako. Nimerudia kuangalia, sioni tena. Alienda wapi?"

"Nilifinya vibaya, Papa. Nicole akanigombeza, nikatoa."

"Ni mutoto ya nani?"

"Ya marehemu dada yangu." Alisema hivyo uso mkavu, na mimi niliyemjua tangu usichana nilijua ameitunga papo hapo. "Alizaliwa Walikale, njo kwao. Huku hajafika hata siku moja."

"Na anakuita Mama?"

"Mama mudogo naye si njo mama?"

Jean-Bosco alitafuna taratibu. Akanyoosha mkono, akapewa simu. Akauliza namba ya kijana ni ipi, akaonyeshwa kuku. Akafungua, akakuta patupu.

"Kwa nini hakuna kitu hapa?"

"Simu inajaaka, Papa. Tunafuta."

Akacheka kidogo. "Basi tumuite. Mwambie Papa Raphaël iko mugonjwa sana, akuye mbio. Mutoto akisikia baba yake anakufa, ataanza njia leo. Mutoto ya dada, huyo ni mambo ingine. Tutaona."

Nilitamani kumwaga sufuria yangu ya maji ya moto juu ya magoti yake, Mungu anisamehe. Maana Byamungu nilimjua. Akisikia baba yake hali mbaya, hangengoja hata kuvaa viatu. Angekuja moja kwa moja mikononi mwao, na uongo wa mama yake ungekuja naye.

Jean-Bosco alifinya mwenyewe alama ya sauti, akamsogezea Mama Nicole simu mdomoni.

"Mutoto ya dada yangu," akasema Mama Nicole. "Ni mimi, mama yako mudogo wa Mushaki. Papa yako mudogo Raphaël anagonjwa, hali iko mubaya. Kuya utuangalie."

Sauti yake haikutetemeka.

Ikatumwa. Jean-Bosco akaiweka simu mezani katikati ya fromage, tukaikodolea macho sote watatu. Alama moja. Malori yakapita, mteja mmoja akaja, akaona nani ameketi, akaondoka. Alama ya pili ikatokea, ujumbe umefika. Mama Nicole alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi tayari. Mimi nilimwomba Mungu mtandao ukatike Walikale nzima, kisha nikaogopa kwamba usipoleta jibu, mtu huyu atalifuata jibu kwa Papa Raphaël. Alama zikageuka buluu. Byamungu amesikia.

Kisha sauti. Jean-Bosco ndiye aliyeifungua.

"Mama mudogo." Hapo akatulia, tukasikia jogoo akiwika mahali alipo. "Pole sana kwa papa mudogo. Lakini huko kwenu sijafika, njia sijui, na huku kazi iko mingi. Watoto yenu bamusaidie. Mimi nitawaombea tu."

Jean-Bosco aliisikiliza mara mbili. Halafu akacheka, cheko la kweli, akapiga paja. "Mama, watoto ya dada njo bako hivi! Unawalisha, kesho hawakujui." Akafunga fromage nyingine kwenye mfuko bila kulipa, akawasha pikipiki, akaenda.

Mama Nicole alikaa chini, nyuma ya meza, mahali ambapo barabara haimwoni. Akaniomba nimwekee ile sauti. Nikaiweka. Akalia mdomo ukiwa umefunikwa na kitenge.

"Amesikia," akasema. "Mutoto yangu amesikia. Amenikana vizuri sana."

Jean-Bosco alihamishwa baadaye, akaja mwingine ambaye fromage haipendi na video ile hajawahi kuiona. Byamungu bado anatuma picha, na kila sauti inaanza vilevile, mama mudogo. Nicole alimwambia mama yake kwamba sasa inatosha, amruhusu mdogo wake arudi kumwita Mama, angalau kwenye simu.

Mama Nicole akakataa. "Hapana. Siku ataniita Mama, aniite akisimama mbele yangu. Kwa simu aache hivyo."

Kisha akafuta picha ya siku ile, kama anavyofuta zote, akaniuliza kama viazi vimeiva.