Kabla Rangi Haijafutika

Yaya yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alizikwa mama akiwa bado amelazwa hospitalini. Ugonjwa uliomchukua mtoto ulikuwa umempata yeye pia, na siku alipopata nguvu ya kuketi na kuuliza mtoto yuko wapi, wanawake wa vitanda vya jirani waligeuka wakatazama ukuta. Baba ndiye aliyemzika, pamoja na wenzake wa tanuru, vumbi la kazi likiwa bado kwenye nyusi zao. Seremala wa kambi ya wafanyakazi alipigilia kibati juu ya msalaba wa mti, akaandika jina kwa rangi nyeusi. Baba hakujua kusoma. Aliweka alama yake mwenyewe kichwani: msalaba wa tatu kutoka kichuguu kikubwa, upande wa jua linakochomoza.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini mama alinisimulia hayo mara nyingi, sauti yake ikiwa chini, hata leo nakiona kichuguu kile wazi kuliko vitu vingi nilivyoviona kwa macho.

Mama alipopona walikwenda pamoja. Kichuguu hakikuwapo. Kwetu Elisabethville kichuguu ni matofali yanayongoja watu, na watu walikuwa wamekuja. Walikibomoa, wakakanda udongo wake, wakauchoma, na mahali pake palikuwa ardhi tambarare yenye misalaba mipya. Baba alisimama, kofia mkononi, akigeuka huku na huku. Misalaba yote ilikuwa ya mti mmoja, vibati vyote vya kipimo kimoja. Akasema, "Ilikuwa hapa. Miye nilihesabu." Tangu siku ile hakurudi makaburini, na jina la yaya halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Mama aliomba msaada mara moja tu. Karani aliyekaa mstari wa nyumba ulio nyuma ya wetu alikubali kwenda kumsomea, akasema Jumapili, kisha Jumapili nyingine, kisha akaanza kupitia njia ya mbali ili asikutane naye. Baada ya hapo mama hakuomba tena. Alikozaliwa, kando ya ziwa karibu na Pweto, bibi yake alikuwa amemfundisha kwamba jina la mtoto aliyekufa linapaswa kuitwa kaburini kwanza na mama aliyemzaa, si na mdomo wa mgeni. Akaamua kwamba atajifunza kusoma yeye mwenyewe. Na ilimbidi kufanya haraka. Moshi wa kiwanda cha shaba alikofanya kazi baba, upepo ulipougeuzia upande wetu, ulikula kila kitu: majani ya maboga, nguo kwenye kamba, rangi ya milango. Ungekula na rangi ya seremala.

Ndipo ikafunguliwa katika kambi nyumba ya kufundishia wanawake, ambayo sote tuliiita fwaye. Waliopita kutangaza walisema wake za wafanyakazi waje wafundishwe, na atakayemaliza atapewa cheti. Kufundishwa nini, hawakusema. Mama alifunga kitambaa kipya, akanibeba mgongoni, akaenda kuandikisha jina ambalo yeye mwenyewe hakuweza kuliona katika yale maandishi.

Wakaanza na upindo wa nguo. Kisha tundu la kifungo. Kisha kuogesha mtoto katika beseni, na mtoto aliyeogeshwa mbele ya wote nilikuwa mimi. Inasemekana nilimrushia mamzeli maji, yule Mzungu aliyefundisha, na darasa zima likaziba midomo kwa vitambaa. Kisha kupiga pasi shati la mume, kola kwanza. Mama alifanya yote kwa uangalifu mkubwa. Mishono yake ilikuwa midogo kama mayai ya chawa, wenzake walisema, na walimtania kwamba mumewe ataogopa kuvaa shati zuri namna ile kwenda kwenye tanuru.

Wakati wote huo alikuwa akingoja kusoma kuanze.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuuliza. Nadhani ni kwa sababu ya ziwa. Kule ziwani hakuna aliyemwambia mtoto wa kike kazi anayofundishwa ina mwisho gani. Alitumwa kuni, akapewa kisu, akaonyeshwa kupasua samaki mgongoni, kutia chumvi, kulinda moshi. Lakini samaki mkavu alikuwa pale juu ya uchaga, mtoto alimwona kila siku kabla hajashika kisu. Mwisho wa kazi ulikuwa mbele ya macho yake, haukuhitaji maneno. Mama alidhani fwaye ilikwenda vivyo hivyo: upindo unafungua mlango wa kifungo, kifungo kinafungua mlango wa pasi, na nyuma ya milango yote kuna kitabu. Kumuuliza mwalimu, "Unanipeleka wapi?" kungekuwa kukosa shukrani.

Na kuna siku aliamini amefika. Mamzeli aliwagawia vitambaa vya mito vilivyochorwa herufi kwa rangi ya buluu, na nyuzi nyekundu za kuzidarizi. Mama alizitambua: zilikuwa jamaa za zile zilizo kwenye misalaba. Alirudi nyumbani akiimba. Baba alikuta nyama kwenye sufuria siku isiyokuwa ya nyama, na hakuambiwa sababu. Mvua zote za mwaka ule mama alifuata mistari ile ya buluu kwa sindano, herufi moja baada ya nyingine, akingoja aambiwe kila moja inasema nini. Hakuambiwa. Zilikuwa pambo la mito.

Siku ya vyeti waliwekewa chai na mikate. Mama alipokea chake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kisha, kwa mara ya kwanza, akauliza.

"Na kusoma, mamzeli? Kusoma itaanza lini?"

Mamzeli hakuwa mtu mbaya. Mama alilirudia hilo kila aliponisimulia. Alishangaa tu, akamshika bega. "Kusoma? Hapana, mama. Hapa ni masomo ya nyumba. Kwa kusoma unapaswa kwenda kwa katekista, nyuma ya kanisa, kila Alhamisi. Hukujua?"

Nyuma ya kanisa. Mama alikuwa amepita mbele ya mlango ule kila wiki, misimu minne ya mvua, akienda fwaye na kurudi.

Mwaka ule ule mimi nikaanza shule ya misheni. Mama alikuwa akipiga pasi niliporudi siku ya kwanza, akaniuliza mwalimu amesema nini. Nikamweleza kwamba mwalimu, kabla hata ya kutuonyesha mahali pa kukaa, alisimama mbele yetu akasema: kufika Pasaka, kila mmoja wenu atasoma jina lake na majina ya ndugu zake, atakayeshindwa, kosa litakuwa langu, si lake. Kisha akachora mstari mrefu ubaoni, huku sisi, kule Pasaka, na katikati vituo vidogo kama vya garimoshi, akasema kila Jumamosi atatuonyesha tumefika wapi.

Mama aliisimamisha pasi wima.

"Alisema vile siku ya kwanza?"

"Njo vile, mama," nikaitikia.

"Mbele, kabla hamujaanza?"

"Mbele hatujakaa."

Akanifanya nirudie yote, neno kwa neno. Kisha akaendelea na kola. Sikuelewa kwa nini machozi yalikuwa yakidondokea shati na kukauka papo hapo chini ya pasi. Nilikuwa mtoto. Leo, mimi ninayejaribu kutengeneza vitabu na kukesha na wenzangu tukibishana juu ya uzuri wa sentensi, najua kwamba hakuna sentensi nzuri niliyowahi kusikia kuliko ile ya mwalimu wangu. Alimwambia mtu aliye gizani: njia inaishia pale. Kwa maneno kama hayo mama angechagua mlango wake siku ya kwanza, rangi ikiwa bado inasomeka. Hakuna aliyemnyima kitu, na ndiyo maana huzuni yake haikuwa na mtu wa kuilalamikia. Alipewa kwa ukarimu mambo ambayo hakuyajia.

Asingeweza tena kwenda kwa katekista Alhamisi. Kulikuwa na mapacha ndani ya nyumba sasa, na baba alikuwa ameanza kukohoa. Kwa hiyo tulisubiri Pasaka yangu. Ilipofika, niliweza. Mama aliniongoza kipande kwa kipande kwa sauti ya jina lile, akilinong'ona, nami nikaliandika kwa mkaa juu ya kitambaa cheupe. Akalidarizi kwa uzi mwekundu. Hakutaka nilisome makaburini. Alitaka kushika kitambaa, kulinganisha umbo na umbo, kulikuta mwenyewe.

Tulikwenda mvua zilipokuwa zikiisha. Nyasi zilinifika kifuani. Mama alikwenda msalaba kwa msalaba, ameinua kitambaa kwa mikono miwili kama anayeonyesha mtoto mchanga kwa wageni. Vibati vilikuwa vyekundu kwa kutu. Pengine palibaki mguu wa herufi, pengine tumbo lake, pengine hakuna kitu. Pale kilipokuwa kile kichuguu, penye misalaba ya zamani, vibati vitatu vilikuwa na alama ambayo ingeweza kuwa mwanzo wa jina letu. Ingeweza pia kuwa mwanzo wa majina mengine mengi.

"Yaya iko wapi?" nikauliza.

"Sijue, mwanangu. Tupalilie yote tatu."

Tukapalilia makaburi yote matatu. Hakuliita jina. Alikunja kitambaa, akakitia kifuani, tukarudi.

Baadaye mamzeli alimwomba arudi fwaye kusaidia wanafunzi wapya, maana hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Alikubali. Lakini kila masomo mapya yalipofunguliwa, alitangulia kufika, akasimama langoni kabla ya kengele. Nilimkuta pale siku moja nikitoka shule. Mwanamke kijana alikuja, mtoto mgongoni, kitambaa kipya kichwani. Mama akamsalimu, akamuuliza habari za mtoto, kisha akamwambia taratibu:

"Hapa utajua kushona, kufuma, na kupiga pasi. Kusoma hapana. Wewe unatafuta nini?"

Yule mwanamke alitazama jengo, kisha akamtazama mama. Akajibu kwa sauti ambayo sikuisikia. Mama akanyoosha mkono kuelekea kanisani, akamwambia ni Alhamisi, nyuma, mlango mdogo. Yule akashukuru, akamrekebisha mtoto mgongoni, akashika njia ya kanisani.

Ndani mamzeli alikuwa akigonga kengele. Mama hakuingia mpaka alipomwona yule mwanamke amekata kona.